Nje ya Kuta za Darasa: Bendi, Shamba na Safari katika Shule za Tanga

Historia ya elimu katika mji wa Tanga imezoeleka kuandikwa kwa kutaja majengo, wakuu wa shule na hesabu ya waliofaulu. Mambo hayo yana mahali pake katika kitabu cha kumbukumbu ya miaka mia moja. Lakini mtu mzima aliyesoma Chumbageni, Ngamiani au Mwanzange, akiulizwa anakumbuka nini katika miaka yake ya shule ya msingi, ni nadra aanze na hesabu za sehemu. Ataanza na siku ile walipoingia gizani katika mapango ya Amboni, au ngonjera aliyoikariri akaisema mbele ya wageni, au jembe alilotoka nalo nyumbani alfajiri. Sura hii inahusu mambo ya namna hiyo: muziki, michezo, bustani na safari za wanafunzi. Yamekuwapo Tanga tangu shule ya kwanza ya serikali, na tangu mwanzo yamekuwa na ubishi ndani yake, yaani saa za mtoto zilizo nje ya masomo ni za nani, na nani azigharimie.

Tarumbeta za serikali na tarumbeta za misheni

Shule ya serikali ya Tanga ilianzishwa mwaka 1892, Gavana akiwa Julius von Soden. Gavana huyo alijua kwamba wazazi wengi wa pwani ni Waislamu, na kwamba hawangewaleta watoto wao kwa urahisi katika shule ya Wazungu. Kwa hiyo alipendekeza serikali imlipe mwalimu wa Kurani afundishe shuleni hapo. Vyama vya misheni na marafiki zao huko Ujerumani walipinga vikali, na mpango ukaachwa. Shule ikabaki bila somo la dini yoyote, jambo ambalo halikuwafurahisha wamisionari wala masheikh. Mafundisho yalitolewa kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kirumi, na wanafunzi wa madarasa ya juu walijifunza Kijerumani. Lengo lilikuwa wazi: serikali ilihitaji makarani, wakalimani, maakida na walimu.

Kilichoifanya shule hiyo isemwe mjini, hata hivyo, hakikuwa masomo hayo peke yake. Shule ilikuwa na karakana za ufundi. Ilikuwa na mtambo wa kuchapia, na wanafunzi walijifunza kupanga herufi na kufunga vitabu. Kutoka katika mtambo huo, tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20 hadi 1916, lilitoka gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi. Walimu na makarani waliokuwa wamesoma Tanga, kisha wakapelekwa mbali katika shule za bara, walilipelekea gazeti hilo habari za mahali walipo: mvua, njaa, safari, sherehe na malalamiko. Ufundi wa kuandika safari kwa Kiswahili haukuwa mgeni wakati huo. Mwaka 1901 Carl Velten alikuwa amekwisha kuchapa Ujerumani kitabu cha Safari za Wasuaheli, chenye masimulizi ya wenyeji waliosafiri bara na ng’ambo. Lakini kule kuona maneno yake yamechapwa na vijana wa shule aliyosoma mwenyewe, hilo lilikuwa jambo jipya kwa mwalimu aliye peke yake bara.

Juu ya yote hayo ilikuwapo bendi. Wavulana wa shule ya Tanga walifundishwa kupiga ala za shaba, tarumbeta na ngoma kubwa, wakitembea kwa mistari. Kila mwaka tarehe 27 Januari, sikukuu ya kuzaliwa kwa Kaisari Wilhelm wa Pili iliadhimishwa katika koloni, na muziki wa namna hii ulikuwa pambo la maadhimisho kama hayo. Si vigumu kufikiri jinsi jambo hilo lilivyowavuta watoto wa mji. Mzazi aweza kuikataa shule, lakini mtoto aliyesikia tarumbeta ikipita mtaani hataacha kuifuata hadi mwisho wa barabara. Ngoma ya beni, iliyoiga bendi hizo na kuigawa miji ya pwani katika makundi ya Marini na Arinoti, inaonyesha kwamba muziki huo haukubaki mikononi mwa walioufundisha. Watu waliuchukua wakaufanya wao.

Haifai kuipamba bendi hiyo kupita kiasi. Ilikuwa ya wavulana tu. Iliundwa ili kuonyesha utii kwa mtawala, na majumbe walibanwa wawatoe watoto kwa shule hiyo na matawi yake. Nidhamu yake ilikuwa ya kijeshi na kiboko kilikuwa karibu. Mtoto alifurahi, hapana shaka, lakini furaha yake haikuwa sababu ya bendi kuwapo.

Wamisionari nao walikuwa Tanga tangu mwanzo wa miaka ya 1890. Chama chao kilianzishwa Berlin mwaka 1886, na baadaye kikajulikana zaidi kwa jina la Misheni ya Bethel, baada ya makao yake kuhamishiwa Bethel karibu na Bielefeld mwaka 1906, chini ya uongozi wa Friedrich von Bodelschwingh. Kutoka pwani walipanda milima ya Usambara: Mlalo mwaka 1891, Vuga 1895, Lutindi 1896, Bumbuli 1899. Huko milimani kazi ilistawi haraka kuliko mjini. Tanga yenyewe ilibaki mahali pagumu, na moja ya sababu walizozilalamikia wamisionari wa enzi hizo ni shule ya serikali isiyo na dini, yenye vivutio ambavyo shule ndogo ya misheni haikuweza kushindana navyo.

Katika jambo moja, hata hivyo, Misheni ya Bethel haikuwa maskini. Bethel ilikuwa kitovu cha uimbaji wa tarumbeta katika Ujerumani ya Kiinjili. Mchungaji Johannes Kuhlo, aliyefanya kazi huko tangu miaka ya 1890, alijulikana nchi nzima kwa lakabu ya jenerali wa tarumbeta, kwa jinsi alivyoeneza makundi ya wapiga ala za shaba wanaocheza nyimbo za kanisa kwa sauti nne kama kwaya. Mashemasi na wamisionari waliotumwa Usambara walitoka katika malezi hayo. Kwa hiyo bendi za tarumbeta zinazosikika mpaka leo katika sharika nyingi za Kilutheri, siku ya Pasaka alfajiri au kwenye maziko, zina mizizi mingine kabisa kuliko bendi ya Kaisari, ingawa ala ni zile zile. Bendi ya serikali ilitembea barabarani ili itazamwe, na ile ya kanisa ilisimama mahali pamoja ili watu waimbe.

Reli nayo haiwezi kuachwa katika habari hii. Ujenzi wake ulianza Tanga mwaka 1893, ukafika Muheza mwaka 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Kabla ya hapo, mwanafunzi wa bweni aliyetoka milimani alishuka kwa miguu kwa siku kadhaa, mzigo kichwani. Baada ya Mombo kufikiwa, mtoto wa Usambara aliyesoma pwani aliweza kuiona bahari na kurudi nyumbani kusimulia kabla mahindi hayajakomaa.

Miaka ya walimu wenyeji

Vita ilifika Tanga tarehe 2 Novemba 1914, pale majeshi ya Uingereza na India yaliposhuka upande wa Ras Kasone, na baada ya siku tatu yakashindwa na kurudi merikebuni. Mji ulichukuliwa na Waingereza mwaka 1916, na gazeti la Kiongozi likakoma. Mwaka 1920 wamisionari wa Kijerumani waliondolewa nchini. Kanisa na shule zake ndogo vilibaki mikononi mwa walimu na wainjilisti wenyeji hadi wamisionari waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Ni miaka ambayo haijaandikwa vya kutosha. Mwalimu mmoja alifundisha kusoma asubuhi, akafundisha nyimbo jioni, akaongoza ibada Jumapili, na kwa mtoto hapakuwa na mpaka kati ya masomo na mambo ya ziada.

Mjini nako, watu waliotoka katika shule za zamani hawakuziacha desturi zao. Mwaka 1922 Martin Kayamba, karani mkuu katika ofisi ya wilaya ya Tanga na Mkristo wa Kianglikana, alianzisha chama cha watumishi wa serikali Waafrika. Kilikusanya Wakristo na Waislamu pamoja, waliosoma kwa Wajerumani na waliosoma kwa Waingereza, na palikuwa na kandanda na usomaji. Tangu mwaka uliofuata, gazeti la Mambo Leo la Idara ya Elimu likawa linachapwa Dar es Salaam na kusomwa shuleni nchi nzima. Kayamba mwenyewe alisafiri hadi London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza kuhusu mpango wa kuunganisha nchi za Afrika ya Mashariki, na aliporudi akaandika kitabu kwa Kiswahili, akieleza yale waliyoyaona na kuyafanya huko. Hiyo nayo ni simulizi ya safari iliyotoka Tanga, na iliandikwa na karani wa mji huu kwa ajili ya wasomaji wa nyumbani.

Jembe, ngonjera na Jumapili

Mwezi Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Shule ya msingi haikutakiwa tena kuwa mahali pa kumtayarisha mtoto kwa mtihani tu, bali iwe jumuiya inayozalisha. Kila shule ikatakiwa kuwa na shamba au mradi wake. Baada ya Sheria ya Elimu ya 1969, shule za madhehebu zilizokuwa zikipata ruzuku zilitwaliwa na serikali mwaka 1970, zikiwamo za Kanisa la Kilutheri. Tangu hapo mtoto wa Mlutheri na mtoto wa sheikh waliketi dawati moja chini ya mwalimu mmoja, na kipindi cha dini kikagawanywa kwa zamu.

Yaliyofuata yalikuwa na uchangamfu ambao wazee wa leo huusimulia kwa tabasamu. Mchakamchaka ulianza kabla jua halijapanda. Ngonjera, ambazo Mathias Mnyampala alizieneza kwa bidii kubwa baada ya Azimio la Arusha, zilifaa shule kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa mtoto mmoja huuliza na mwingine hujibu, na darasa zima hupata sehemu. Kwaya za shule zilishindana. Halaiki ziliwapanga mamia ya watoto uwanjani siku za taifa. Michezo ya shule za msingi ilipanda kutoka kata hadi taifa, kwa utaratibu ambao leo unajulikana kwa jina la UMITASHUMTA, na mtoto aliyekimbia vizuri aliweza kuuona mkoa mwingine kwa mara ya kwanza kwa sababu ya miguu yake.

Shamba lilikuwa na mambo mawili. Palipokuwa na mwalimu mwenye moyo, watoto walijifunza kweli kupanda, kuuza na kuweka hesabu. Palipokosekana, jembe liligeuka adhabu ya waliochelewa, au kazi ya bure katika bustani ya mtu mzima. Andiko la mwaka 1967 lilitaka wanafunzi washiriki kuamua watapanda nini na mapato yatumike vipi, lakini katika shule nyingi mtoto alipewa jembe bila kuulizwa. Kosa hilo halikuwa la siasa peke yake. Ni kosa lile lile la bendi ya Kaisari, kumtumia mtoto kwa kitu ambacho yeye si mwenyewe.

Kanisa, baada ya kukosa shule, lilibakiwa na Jumapili na likizo. Hapo ndipo shughuli nyingi za watoto zilipohamia: shule ya Jumapili, kwaya ya watoto, tarumbeta, mafundisho ya kipaimara, na mashindano ya uimbaji ya ngazi ya mtaa, usharika, jimbo na dayosisi. Kwa mtoto wa Chumbageni, kwenda Lushoto au Korogwe na kwaya kulikuwa safari ya kweli, yenye kulala ugenini, kula kwa wenyeji wasiojulikana na kuona baridi ya milima ikitoa moshi mdomoni. Hakuna aliyeiita elimu, na bado wengi waliijua dayosisi yao kwa njia hiyo kuliko kwa ramani yoyote.

Safari za leo na wanaobaki nyuma

Tanga ni mji wenye bahati kwa mwalimu anayetaka kuwatoa watoto darasani. Mapango ya Amboni yako kilomita 8 hivi kaskazini, katika njia ya Horohoro. Ni mapango ya mawe ya chokaa yaliyochongwa na maji kwa muda usiohesabika, na somo lote la jiografia kuhusu miamba lipo pale kwa kugusa. Watoto, kwa kweli, hukumbuka zaidi popo. Kipo pia chumba ambamo watu huingia kutambika, na mwalimu wa dini yoyote hana budi kuwa na jibu tayari, kwa sababu swali litakuja. Mwezi Februari 2015 vyombo vya usalama vilipambana na kikundi chenye silaha katika eneo la mapango hayo, na hofu iliyobaki haikuwa ya siku moja.

Kusini, kama kilomita 20 katika njia ya Pangani, ipo Tongoni na magofu ya msikiti wake wa kale na makaburi yenye nguzo. Mahali hapo palikuwa na biashara ya bahari karne nyingi kabla ya Wajerumani. Katika mafungu ya mchanga ya jirani, meli ya Vasco da Gama iitwayo São Rafael ilikwama mwaka 1498, na ilipopitishwa tena huko mwaka uliofuata ikachomwa moto na Wareno wenyewe kwa kukosa mabaharia wa kutosha. Mtoto anayesoma habari za Wareno katika kitabu hushangaa akiambiwa kwamba mambo hayo yalitokea anapoangalia. Upande wa bara iko Amani, kituo cha utafiti cha mwaka 1902 chenye miti iliyoletwa kutoka pembe nyingi za dunia. Mashamba ya mkonge nayo yana hadithi yake: Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja hivi kutoka Florida mwaka 1893, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutoka katika 62 hiyo ikatoka mali iliyoujenga mkoa, na pia kazi ngumu iliyowaleta vibarua kutoka nchi nzima. Watoto wengi wanaoketi leo katika madarasa ya Tanga ni wajukuu wa vibarua hao.

Yote haya yako karibu, lakini safari ina nauli. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001. Mwaka 2015 Waraka wa Elimu Namba 5 ukafuta ada na michango, na mwezi Januari 2018 Rais John Magufuli akakemea tena hadharani michango ya lazima. Nia ilikuwa njema na matokeo yalionekana katika wingi wa watoto walioandikishwa. Hata hivyo, safari ya mafunzo haikuwa na fungu lake katika hesabu za shule, ikabaki juu ya hiari ya wazazi. Hata michezo haikuwa salama: mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya shule yalisimamishwa kwa hoja kwamba yanapoteza muda wa masomo, yakarejeshwa miaka michache baadaye. Shule za kulipia, zikiwamo za mashirika ya dini, hupanga safari kila mwaka na kuzitangaza. Shule ya kata hupanga safari ya basi moja kwa watoto wanaotosha mabasi mengi. Anayelipa huenda. Asiyelipa huja shuleni siku hiyo akakuta darasa nusu, akaambiwa afagie au arudi nyumbani, na kesho yake huketi akisikiliza wenzake wakizungumza juu ya popo.

Upo pia woga, nao una sababu. Tarehe 6 Mei 2017 huko Rhotia, wilayani Karatu, basi la shule ya msingi ya Arusha lililokuwa likiwapeleka wanafunzi kufanya mtihani wa majaribio na wenzao lilitumbukia korongoni. Walikufa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Watoto watatu walionusurika walipelekwa Marekani kutibiwa. Tangu siku ile mzazi anayeombwa kutia sahihi karatasi ya ruhusa huuliza habari za gari na dereva kabla ya kuuliza bei, na mwalimu mwenye busara haoni maswali hayo kuwa usumbufu.

Kwa sababu hizo mbili, nauli na woga, ile safari ya zamani ya kwenda kwa miguu inastahili kutazamwa upya. Kutoka Chumbageni, darasa zima laweza kutoka saa mbili asubuhi, bila kubagua mwenye fedha na asiye nazo. Watoto hupita kituo cha reli na kuambiwa Muheza ilifikiwa lini na Moshi lini. Hufika kwenye boma la zamani la Wajerumani, ambalo limekarabatiwa na kufanywa makumbusho ya Urithi Tanga, penye picha za mji ulivyokuwa. Huishia ufukweni, mbele ya kisiwa cha Toten chenye magofu ya misikiti, na hapo mwalimu huweza kueleza habari za mwezi Novemba 1914 akionyesha kwa kidole upande wa Ras Kasone. Saa sita wamekwisha kurudi, miguu ina vumbi na chupa za maji ni tupu. Kesho yake kila mmoja hupewa karatasi aandike alichokiona, na insha tano au sita husomwa mbele ya darasa, pamoja na ile ya mtoto aliyeandika ukurasa mzima juu ya mbuzi waliokutana nao njiani.